Unyoya Uliokataa Kutua

Koleo alikunjua kiganja, akasubiri uzito. Uzito haukuja.

"Bado hujaniwekea?" akauliza.

"Nimeshaweka, afande. Usipumue kwa nguvu."

Akatazama. Kindege kilikuwa pale mkononi, mabawa yake membamba kama ganda la kitunguu, mwili wake kama njiti ndefu, na mkia mdogo nyuma. Hakikuwa na injini. Hakikuwa na mpira wa kukisukuma wala uzi wa kukivuta. Kinarushwa kwa mkono ndani ya ukumbi uliofungwa, kinapanda hadi karibu na paa, kisha kinashuka taratibu kikizunguka. Ambaye kindege chake kinakaa hewani muda mrefu kuliko vya wenzake ndiye mshindi. Mchezo ni huo tu.

Koleo alikuwa askari polisi kwa miaka mingi kabla Shirikisho la Michezo halijamchukua awe anachunguza malalamiko ya wanachama. Jina hilo alipewa na wezi, kwa sababu akishika haachii. Alishashika bunduki, mapanga, na siku moja sikio la mtu lililofungwa kwenye gazeti. Hakuwahi kushika kitu kilichomfanya auogope mkono wake mwenyewe.

"Chukua," akasema. "Chukua kabla sijafanya madhara."

Mshonaji alikichukua kwa vidole viwili, akakirudisha kwenye boksi lake lenye pamba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye pini zilizojipanga kwenye ukosi wa gauni lake kama meno. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili na meza ya kukatia nguo. Upande mmoja wa meza zilikaa suruali za watu, upande wa pili vipande vya balsa, ile mbao nyepesi ya kutengenezea vindege. Hiki cha kwenye boksi alikiita Unyoya.

"Haya," Koleo akasema. "Jumamosi iliyopita. Nieleze."

"Nilirusha. Unyoya ukapanda, ukajinyoosha chini ya paa, ukaanza kuzunguka. Nikajua sasa utashuka. Haukushuka."

"Haukushuka vipi? Kila kitu kinashuka."

"Ndiyo maana nasema." Alivuta kigoda akakaa. "Afande, hizi ngazi za nyumbani kwako unazijua hata gizani, si ndiyo? Mguu unajua wenyewe. Na mimi najua kindege changu kinapoteza kiasi gani kila mzunguko. Siku ile ilikuwa kama nimekanyaga ngazi ambayo haipo. Unyoya ulizunguka ukarudi pale pale. Ukazunguka tena, nikaona umepanda. Upana wa kiganja hivi."

"Ulifanya nini mpaka ukapanda?"

"Ningejua ningekwambia, tukamaliza, ukaenda zako ukale."

Rekodi ya ukumbi ule ilikuwa dakika moja na sekunde chache, nayo ilikuwa ya Katibu wa chama chao cha warusha vindege. Unyoya ulikaa juu karibu dakika mbili. Katibu mwenyewe ndiye aliyekuwa mpima muda mmojawapo, akabonyeza saa yake kwa kidole chake, akatia saini. Siku mbili baadaye akapeleka shtaka Shirikishoni: mshonaji ameingiza joto ukumbini kwa siri. Hewa ya moto hupanda, na kitu chepesi kikiwa juu yake hubebwa. Kanuni inakataza chombo chochote cha joto. Ikithibitika, mwenye kosa anafungiwa kurusha maisha yake yote. Leo ilikuwa Jumamosi nyingine, na Koleo alitakiwa kutoa jibu leo hii, kabla ukumbi haujafungwa.

"Anasema ulikuja na pasi kwenye mfuko."

"Nilikuja nayo. Ni hii." Ilikuwa pasi ya umeme, waya wake umefungwafungwa kitambaa. "Natoka kazini nayo kila siku, maana hapa wezi wanavunja. Huyu ndiye mke mwenza wangu, tunagawana kazi. Nakunjia kola, napindia mabawa."

"Iwashe."

"Sasa hivi?"

"Iwashe mpaka ichemke. Na huo mfuko nipe."

Mshonaji akachomeka pasi. Wakati wakisubiri ipate moto, Koleo akamuuliza swali ambalo alipanga kumuuliza kila mtu siku hiyo.

"Humo ukumbini mlikuwa watu wangapi?"

"Watano," mshonaji akajibu bila kufikiri. "Mimi. Katibu na saa yake. Shemeji yangu kinyozi, naye alikuwa na saa ya pili. Mzee Funguo, mtunza ukumbi. Na fundi umeme, alikuwa juu darini anabadilisha taa."

"Ukifungiwa utafanya nini?"

Alichomoa pini kwenye ukosi, akaichoma tena pale pale. "Nitashona. Mikono haifungiwi. Lakini nikwambie kitu, afande. Katibu anasema haukuwa mkono wangu ulioshika kile kindege juu. Na mimi nasema hivyo hivyo. Tunatofautiana kwenye jambo moja tu: yeye anadhani namjua aliyekishika."

* * *

Ukumbi ulikuwa karakana ya zamani ya treni. Reli zilishang'olewa, mashimo yakazibwa kwa saruji, lakini paa lilibaki juu kule, refu, lenye vyuma vilivyovukana na ngazi nyembamba ya mafundi kupita katikati yake. Mtu akikohoa mlangoni, kikohozi kilikwenda, kikageuka, kikarudi kumwuliza kuna nini.

Mzee Funguo alimpokea akiwa na mkungu wa funguo kiunoni.

"Wewe ndiye Koleo? Nilidhani utakuwa mkubwa."

"Nikikasirika nakuwa. Bomba la maji ya moto linapita wapi hapa chini?"

"Lilipita zamani, mwanangu. Njoo nikuonyeshe maiti yake."

Akampeleka nyuma, akafungua mlango wa chumba cha tangi. Tangi lilikuwa limeoza tumbo, na bomba lake limekatwa, mdomoni mwake kunguru ameweka kiota. Koleo akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Baridi tupu. Akarudi ukumbini, akapiga magoti akapapasa sakafu hatua kwa hatua. Alikuta alama nyeusi ya kuungua karibu na nguzo. Akaikwaruza kwa kucha.

"Hiyo ya wachomelea vyuma," Mzee Funguo akasema. "Ni ya zamani kuliko meno yako."

"Soketi za umeme?"

"Moja. Pale mlangoni. Na siku ile ilikuwa imekufa, fundi alikata umeme wa nyumba nzima kabla hajapanda kugusa taa. Aliyefundishwa na shoti hafundishwi tena."

"Humu ndani mlikuwa wangapi?"

"Watano. Na milango nilifunga mwenyewe."

Katibu aliingia wakati huo, kinyozi akiwa nyuma yake. Katibu alikuwa mpima ardhi mstaafu, mkavu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mishono, saa ya kubonyeza inaning'inia kifuani kwa kamba. Kinyozi alikuwa mnene na hakuwa na nywele hata moja.

Koleo hakupoteza muda. Akatoa pasi mfukoni.

"Hii ameichemsha dukani kwake mbele yangu mpaka maji yanaruka juu yake. Nikaiweka kwenye mfuko ule ule, nikaja kwa miguu njia ile ile. Iguse."

Katibu akagusa kwa kidole kimoja, kisha kiganja kizima.

"Vuguvugu," akasema.

"Vuguvugu hii inaweza kupandisha kindege?"

Katibu alikuwa adui wa mshonaji, lakini hakuwa mwongo. "Hapana."

"Umeme ulikuwa umekatwa, bomba limekufa. Shtaka lako limebaki na nini?"

"Limebaki na kindege chenyewe!" Sauti ya Katibu ilipanda, na paa likairudia. "Nilikiona kwa macho yangu. Kilipanda. Kitu kisicho na nguvu yake hakipandi mpaka kibebwe, na hewa haibebi mpaka iwe na joto. Sina chuki na yule mama, bwana. Nilitia saini kwa sababu saa yangu haidanganyi. Nikafika nyumbani, nikalala, nikaamka nimekaa kitandani. Nimerusha vindege humu tangu nina nywele nyeusi. Huu ukumbi hautoi zile sekunde."

"Labda ulikuwa unakunyima wewe," kinyozi akasema.

"Wewe nyamaza, wewe ni shemeji yake."

"Shemeji namwogopa kuliko ninavyompenda. Ningemwibia sekunde mbili nisingelala. Ningemwongezea moja angenikata masikio kwa ule mkasi wake." Akamgeukia Koleo. "Saa zetu zilipishana kwa kufumba jicho tu. Kile kitu kilikaa juu, mzee. Shingo iliniuma siku tatu."

"Kilitua wapi?"

"Kilikaa katikati pale kwa muda wote huo, mwisho kikasogea huku mlangoni, kikashuka kama kawaida."

"Mlikuwa watu wangapi?"

"Watano," wakajibu wote wawili kwa pamoja. Jambo lao la kwanza kukubaliana siku hiyo.

Koleo akamwomba Katibu amwonyeshe wanavyohakikisha hewa imetulia kabla ya kurusha. Katibu akatoa kopo la poda ya watoto. Akaenda mlango mkubwa, akaliminya. Poda ikatoka, ikaelea mbele ya ufa, ikaanguka wima. Akaenda mlango mdogo. Akaenda kwenye kila dirisha. Alifanya kazi hiyo kwa heshima, kama mtu anayegonga milango ya wakubwa.

"Poda ikianguka wima, hewa imelala," akasema.

"Na katikati ya ukumbi?"

"Katikati hakuna mlango, bwana. Upepo utapita wapi?"

Koleo alikuwa ameinua kichwa, anatazama ngazi ya mafundi.

* * *

Fundi umeme alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mtoto wa dada yake Katibu. Alitangulia kupanda kama anapanda kitandani. Koleo alimfuata akiwa ameng'ang'ania vyuma kwa mikono yote miwili, na alipofika juu hakuona haya kukaa kitako.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, juu ya katikati. Mjomba alinipigia kelele nisitikisike, nikaganda na balbu mkononi."

"Uliona nini?"

Kijana akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Afande, vindege vyao naviona kila wiki. Huwa natazama kama mtu anavyotazama nzi. Lakini hiki kilikuja mpaka hapa." Akaonyesha chini ya nyayo zake. "Mara nyingi wao wako chini wanakiona tumbo. Mimi nilikiona mgongo. Mwanga wa dirisha ulipita ndani ya bawa, mistari ya mbao unaihesabu. Kikazunguka, kikazunguka, kila nikisema sasa kwaheri, kinarudi. Balbu ililowa jasho mkononi. Mjomba ananiambia nimtolee ushahidi kwamba kulikuwa na hila. Nimemwambia, Mjomba, mimi nimeona, basi. Usiniulize zaidi."

"Ulihisi joto?"

"Hapa juu joto siku zote."

"Uliona uzi? Mtu mwingine huku juu?"

"Sikuona mtu. Ila nilisikia harufu."

"Harufu gani?"

"Dawa ya kuchua. Ile ya kwenye vikopo vya bati, inayowasha pua. Mwanzoni haikuwepo. Ilikuja pamoja na kindege."

Koleo akasogea karibu. Hapo palikuwa na kitu cha kushika, naye akakishika. "Nani anajipaka dawa hiyo? Mshonaji?"

"Sijui."

"Ulikuwa na mwanamke huku juu?"

"Afande!"

"Jibu. Mtu mmoja alipanda na wewe. Ana dawa ya kuchua mwilini. Alikuwa na uzi au na kitu cha moto. Unamficha."

"Kwenye chuma hiki? Chenye upana wa ubao mmoja? Mke wangu hata juu ya kochi hapandi! Nikamlete mwanamke darini, mjomba wangu chini ananitazama na macho yale?"

Koleo akanusa. Vumbi, kutu, mavi ya popo.

"Leo unaisikia?"

"Leo hakuna."

"Siku nyingine umewahi kuisikia?"

Kijana akafikiri. "Nikiwa hapa juu Jumamosi jioni, ndiyo. Mara moja moja."

Koleo akainamisha kichwa katikati ya vyuma, akatazama chini. Kutoka huko, ukumbi ulionekana kama sinia. Sakafu nzima ilikuwa na utando wa vumbi la saruji, isipokuwa mahali pamoja. Chini yao kabisa, katikati, palikuwa na duara limeng'aa, limesuguliwa na miguu mingi mpaka limekuwa jeusi.

"Nani anachezea pale?"

"Pale? Kwaya. Wanafanya mazoezi Jumamosi alasiri."

"Jumamosi ile walikuja?"

"Walikuja."

"Unyoya ukiwa hewani, kwaya ilikuwa wapi?"

Fundi umeme akatazama lile duara kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Walikuwa wamekaa pale," akasema polepole.

"Nimewauliza wenzako mlikuwa wangapi. Wote wamesema watano."

"Si umeuliza watu waliokuwepo kwenye rekodi, afande. Wale si watu wa... wale ni kwaya."

* * *

Walifika alasiri kama kawaida yao, kwa makundi, wakicheka, viti wanajibebea wenyewe na hawavikalii. Wengi walikuwa wanawake, wanaume wachache nyuma na ngoma mbili. Aliyewaongoza alikuwa mwalimu wa kwaya, mama mfupi mwenye sauti iliyofika kabla yake.

"Katibu! Leo umekuja kutufukuza tena?"

"Leo hafukuzi mtu," Koleo akasema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe ni nani, mbona unaninusa?"

"Unajipaka nini?"

Mama akaingiza mkono kifuani, akatoa kikopo cha bati. "Hii? Kila mtu wangu anapaka kifuani na shingoni kabla hatujaimba. Inafungua koo. Ukitaka nikupake, useme, usininuse."

Kwaya ikaangua kicheko. Koleo hakucheka. Alichukua kikopo, akakifungua, akampelekea fundi umeme, aliyekwisha kushuka. Kijana akanusa mara moja tu, akatikisa kichwa kukubali.

"Mama, nieleze Jumamosi iliyopita. Toka mlipoingia."

"Tuliingia kwa haki yetu, saa yetu. Wimbo wa kwanza ni wa kucheza, tukaucheza mpaka tukalowa. Ndipo Katibu akaja na makunyanzi yake. Oo, leo hewa imelala, oo, hatujawahi kupata hewa kama hii, tokeni nje. Nikamwambia hatutoki. Mvua ilikuwa nje, na wangu wana jasho, wapate kichomi kwa ajili ya mdoli wa mbao?"

"Akasemaje?"

"Tukagombana. Mwisho akasema" — akakaza shingo, akaigiza sauti kavu ya Katibu mpaka hata Mzee Funguo akaziba mdomo — "'Basi kaeni. Kaeni chini hapo katikati, msogeleane, msitikisike, msiongee. Kaeni kama hampo.'"

"Nanyi?"

"Tukakaa kama hatupo. Mabega yamegusana, jasho linatiririka, midomo tumefunga. Ukimwambia mtu wangu anyamaze, ananyamaza. Hii ni kwaya, si kijiwe."

Mshonaji, aliyekuja nyuma ya kwaya akasimama mlangoni na boksi lake, akapiga hatua mbili mbele akasimama. Katibu alikuwa anaitazama sakafu.

"Nilisema hivyo," akasema. "Ni kweli. Nilisema kaeni kama hampo."

"Wakakutii mpaka hukuwahesabu," Koleo akasema. "Mimi sikusoma sana, Katibu, lakini nimefanya kazi mahabusu. Tulikuwa tunafungia watu thelathini chumba kimoja. Asubuhi ya baridi, ukifungua kale kadirisha ka juu, hewa inayotoka pale unaanikia shati. Hakuna jiko mle ndani. Ni watu tu. Sasa chukua watu wengi kuliko hao, wametoka kucheza, wabane pamoja, funga milango yote, zima kila upepo. Joto lao litakwenda wapi?"

Koleo akaelekeza kidole paani.

"Litapanda. Harufu ya dawa ilifika pua ya mpwa wako darini. Harufu haina miguu, bwana. Ilibebwa. Na kilichobeba harufu ndicho kilichobeba Unyoya. Poda yako uliimwaga kila mlango, ila pale ambapo ulikuwa umewakalisha."

"Kwa hiyo sisi ndio chombo cha joto?" mama wa kwaya akauliza, mikono kiunoni. "Mimi chombo?"

"Kanuni inakataza chombo," Koleo akasema. "Wewe naona ni mama."

"Asante."

Katibu akainua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Maneno mazuri. Lakini hayo ni maneno, na mimi nimeishi kwa kupima. Mtu si jiko. Sijawahi kusikia."

"Basi pima."

"Nitapima. Lakini si kwa Unyoya. Ukitumia Unyoya, kesho mtu atasema hila imo ndani ya mbao. Nitarusha changu. Kile kile kilichoshika rekodi. Nakijua kama mtoto wangu."

"Sawa," Koleo akasema. "Kikishuka kama kila siku, naandika kwamba shtaka lako limesimama, na mshonaji anafungiwa maisha. Kikikaa, hana kosa. Mmenisikia wote?"

Mshonaji akarudi mlangoni, akakaa chini na boksi lake.

* * *

Kwanza walirusha kwaya ikiwa nje, barazani. Kindege cha Katibu kilipanda, kikajinyoosha, kikashuka kikizunguka, kikatua. Saa ikasema dakika moja kasoro kidogo. Wakarudia. Ile ile.

"Ndivyo kilivyo," Katibu akasema.

Halafu kwaya ikaingia. Wakapaka dawa, ngoma zikaanza, wakacheza ule wimbo wao wa kwanza juu ya lile duara jeusi. Paa likaitikia. Kinyozi akajikuta anachezesha bega, akajizuia. Walipomaliza walikuwa wanahema, nguo zimegandamana migongoni.

"Kaeni," mama akasema.

Wakakaa, mabega kwa mabega. Mzee Funguo akafunga mlango mkubwa, kisha mdogo. Katibu akaenda na poda yake mlango hata mlango. Mara hii alipomaliza, akasimama, akatembea mpaka kando ya wale waliokaa, akanyoosha mkono juu ya vichwa vyao, akaminya kopo.

Poda haikuanguka. Ilisimama hewani kama inafikiri, kisha ikaanza kupanda. Ikapita mkono wake, ikapita kichwa chake, ikapotea juu.

Katibu akarudi nyuma hatua chache, akashika kindege kwa mkono wa kulia na saa kwa mkono wa kushoto. Akavuta mkono, akarusha kwa mwili mzima.

Kikapanda kama kilichoitwa. Juu kabisa, chini ya vyuma, kikapunguza mwendo, kikajinyoosha, kikaanza kuzunguka kuelekea kushoto, juu ya wale watu. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Koleo alitazama nguzo iliyokuwa nyuma ya kindege, akaweka alama kwa jicho kwenye msumari mmoja, kwa mazoea ya kazi. Kindege kikapita usawa wa msumari. Kikazunguka. Kikapita tena, na msumari ulikuwa chini yake.

Huko darini, alikokuwa amepanda tena, fundi umeme, bila kutoa sauti, akagusa pua yake kwa kidole.

Kilikuwa kinazunguka bila haraka na bila mlio. Mwanga wa dirisha ulikipata kila kilipogeuka, kikawaka, kikazimika, kikawaka. Kwaya nzima ilikuwa imeinua nyuso. Walikuwa wamekaa kama hawapo, na kilichokuwa juu kule kilikuwa kimekalia pumzi zao. Koleo akavua kofia, hakujua kwa nini, akaishika.

"Ndiyo hiyo," mshonaji akanong'ona kule mlangoni. "Ndiyo ile ngazi."

Koleo akamsogelea Katibu. Mpima ardhi alikuwa amesimama shingo nyuma, mdomo wazi, machozi yanamshuka kuelekea masikioni bila yeye kuyafuta. Saa ilikuwa mkononi mwake. Koleo akaitazama. Ilikuwa imesimama kwenye sifuri. Mtu aliyepima kila kitu maisha yake yote alisahau kubonyeza.

"Katibu," Koleo akasema kwa sauti ya chini. "Jumamosi ile, humu ndani mlikuwa watu wangapi?"

Katibu akashusha macho kutoka paani. Ilimchukua muda. Akawatazama wale waliokaa sakafuni, uso mmoja baada ya mwingine, kama anawaona wakiingia. Kisha akanyoosha kidole, akaanza na mama wa kwaya.

"Mmoja," akasema. "Wawili. Watatu."

Alipofika thelathini na mmoja, kindege chake kilikuwa bado hakijatua.